Mlango wa Mama Mkwe

Sehemu ya nane

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungia sabuni, shauri yako. Lakini mimi si mtu wa kinyongo, nitakukumbusha haraka haraka.

Asali, mtangazaji wetu mwenye sauti ya kumlaza mtoto mtukutu, alikuwa anamalizia matangazo ya vifo ya mchana. Alisoma kwa upole, akatoa pole kwa wafiwa, kisha akanyamaza kidogo kama heshima inavyotaka. Badala ya ukimya, redio ikalipuka muziki wa dansi: "Njoo mpenzi, njoo tuzungushe kiuno." Na haikuwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Mlango wa studio ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia Mkurugenzi, yule ambaye wafanyakazi humwita Saa Hiyohiyo akiwa hayupo, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kufukuzia watu.

"Saa kumi, ofisini kwangu," akamwambia Asali. "Njoo na kitambulisho chako, utakiacha."

Chumba cha pili, mume wa Asali, Fundi wa mitambo, alikuwa amesimama mbele ya seva akitazama maneno yaliyojiandika yenyewe kwenye kioo: FUNDI, MLANGO WAKO UKO WAZI.

Hapo ndipo nilipowaacha, na wengine mkaniandikia maneno mazito. Nimeyasoma yote. Tuendelee.

Fundi alifanya jambo la ajabu. Aliufunga mlango wa chumba, ule wa mbao, akautikisa kuhakikisha umefunga, utadhani mgeni wake angepitia huko.

Chumba chenyewe ni chembamba, kina feni mbili zinazovuma na kompyuta moja kubwa isiyozimwa. Hiyo ndiyo seva. Nyimbo, matangazo, salamu za wasikilizaji, vyote vinapita humo. Programu inayoiendesha inaitwa Karibu, na Fundi ndiye aliyeiandika, kisha akaiachia huria: anayetaka aisome, aichukue, aitumie kwake, hata airekebishe. Msikilizaji akituma salamu, kwenye kioo hutokea "Hodi" na jina lake. Karibu inamkagua, ikiridhika inajibu "Karibu ndani," na salamu zinapelekwa kwa mtangazaji. Ni programu yenye adabu, imemfuata baba yake.

Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mkeo. Yule anayekaribia kuwa mama wa nyumbani."

Fundi akamfungulia. Asali aliingia na visikizio bado vimemning'inia shingoni.

"Niambie ukweli, baba watoto. Ni wewe unayenichezea?"

"Nikuchezee wewe? Halafu jioni nikale wapi?"

"Basi ni nani? Mikono yangu ilikuwa juu ya karatasi. Sikugusa kitu."

Fundi akamwonyesha kioo kwa kidole. Asali alisoma yale maneno kwa sauti, na kwa sauti ya taarifa ya habari, maana mazoea yana tabu.

"Mlango gani?"

"Ndio ninaoutafuta."

Akakaa, akaanza kuupitia msimbo wa Karibu, yale maandishi yanayoiambia la kufanya, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Asali alisimama nyuma yake. Haijui kompyuta, lakini shingo ya mumewe anaijua vizuri, na alipoiona imekakamaa akajua.

"Umeuona."

"Nimeuona."

"Sogea nisome."

"Ni mambo ya kompyuta, mke wangu, hutaelewa."

"Hapo umeandika maneno ya watu, nayaona. Sogea."

Fundi akasogea shingo upande. Katikati ya alama nyingi alikuwa ameacha maelezo mafupi, kama mafundi wanavyoachiana: "Mkwe hasimamishwi mlangoni."

"Mkwe yupi?" Asali akauliza polepole.

"Kwani ninao wangapi?"

Ngoja nikueleze, maana Fundi mwenyewe alieleza huku akijikunja. Mama mkwe wake ni mshonaji, na redioni anajulikana kama Bibi Sindano. Hutuma salamu kila siku, tena kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi, kwa sababu hamwamini mtu kusoma salamu zake kwa hisia zinazotakiwa. Sasa Karibu ilikuwa na tahadhari yake: mtu akiambatanisha kitu chochote na salamu, kitu hicho kisimame mlangoni mpaka binadamu akikague. Siku moja salamu za Bibi Sindano zikasimamishwa, za jirani yake anayegombana naye zikapita.

Jumapili yake Fundi akaenda kumtembelea. Mama mkwe akasalimia watoto, akasalimia paka wa jirani, yeye akamruka.

Mkwe amenuna, nani atalala? Fundi akarudi kazini akaongeza mstari: anayejitambulisha kama mkwe apite bila kukaguliwa, na alichobeba kifunguliwe hapo hapo.

"Kwa hiyo mama yangu anapita moja kwa moja," Asali akasema.

"Si mama yako tu. Mashine haimjui mama yako. Yeyote atakayesema yeye ni mkwe, anapita."

"Hata mwizi?"

"Hata mwizi. Akibeba wimbo, unapigwa. Akibeba amri, inatekelezwa. Akisema futa, inafuta. Akisema nipe kila kitu, inatoa. Na anaweza kuwa mbali huko, amejilaza kitandani kwake."

Asali akatafakari.

"Anaagiza akiwa mbali na mambo yanafanyika bila mtu kuuliza," akasema. "Kweli umemwelewa mama yangu."

"Huu si wakati wa utani."

"Nitacheka sasa hivi, saa kumi nitalia. Niambie jambo moja. Ni mkwe peke yake uliyempa ruhusa hiyo?"

Fundi akakohoa. Zile feni zina vumbi, tuseme hivyo.

"Basi vizuri," Asali akasema, akimshika mkono. "Inuka twende kwa Saa Hiyohiyo umwonyeshe, kazi yangu ipone."

Fundi hakuinuka.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Karibu haiko hapa tu. Niliiachia huria. Vituo vingine vya redio vinayo. Shule zinayo. Kuna zahanati zinapangia foleni ya wagonjwa kwa programu hii hii, na mlango wa mkwe uko wazi kwao wote. Nikimwambia Mkurugenzi leo, itakuwaje?"

Asali hakuhitaji kufikiri. Mkurugenzi mdomo wake hauna kitasa. Mwaka jana naibu wake aliandaliwa sherehe ya siri, na naibu akaisikia hewani saa moja kabla.

"Itakuwa habari ya kwanza jioni," akasema.

"Na wabaya nao wanasikiliza redio. Ni kumwaga mtama penye kuku wengi. Inabidi niufunge kwanza, nitoe toleo jipya, niwaandikie kimya kimya wote wanaoitumia. Wakishafunga ndipo niseme hadharani."

"Muda gani?"

"Siku chache."

"Saa kumi ni leo."

"Najua."

Asali akauachia mkono wake.

"Kwa hiyo watu usiowajua hata kwa sura wana nafasi kwako kuliko mimi."

Neno hilo lilimuuma Fundi. Alijua kazi ile ilivyopatikana. Mkewe alikaa mapokezi miaka akipokea simu za watu na kuwaunganisha na watangazaji, huku nyumbani akisoma maandishi ya pakiti za sabuni kwa sauti ya habari mpaka watoto wakayakariri. Siku alipopewa kipaza sauti alirudi nyumbani akiwa hawezi kuongea. Leo kipaza sauti hicho kilikuwa kinanyang'anywa, na mume wake ndiye mwenye ushahidi.

Feni zikavuma. Asali alitazama ukuta, kisha akatazama ule mstari.

"Ufunge," akasema.

"Mke wangu..."

"Ufunge sasa hivi. Huko zahanati kuna mtu ana mama yake kwenye foleni. Mimi nina mdomo, nitajitetea mwenyewe."

Fundi alitaka kumwambia jambo kubwa sana. Lililotoka ni "Ahsante." Mafundi wa kompyuta ndivyo walivyo. Dada zangu mlioolewa nao, vumilieni.

Akaufuta mstari. Akatoa toleo jipya, na kwenye maelezo yake akaandika "marekebisho madogo," uongo wake wa kwanza tangu aanze kazi. Kisha akawaandikia wenzake mmoja mmoja. Mlango wa mkwe ukafungwa, na ushahidi wa kumwokoa Asali ukafungiwa nao humo humo.

Saa kumi ikafika.

Ofisi ya Mkurugenzi ina meza pana, pazia lililoshonwa ovyo, na redio ndogo inayonong'ona mezani kutwa nzima. Mwenyewe alikuwa ndani ya suti mpya ya kijivu iliyomkaa vizuri mno kwa mtu wa umbo lake.

"Wafiwa wamepiga simu," akaanza. "Mmoja anasema marehemu wao alichukia muziki maisha yake yote, na leo kachezewa dansi mbele ya ukoo. Umegusa mtambo?"

"Sikugusa," Asali akajibu.

"Mtambo haujichezei wenyewe. Fundi, mtambo mbovu?"

Fundi akachagua maneno.

"Mtambo uko salama sasa."

"Sasa. Na kabla ya sasa?"

"Nipe siku chache, Mkurugenzi. Leo siwezi kusema."

"Mke hakugusa, mume hawezi kusema. Mimi naweza. Kitambulisho mezani, saa hiyohiyo."

Asali alikivua kitambulisho shingoni. Kamba ikanasa kwenye hereni, akahangaika nayo, na ile midomo isiyokosea hata jina gumu la marehemu ikaanza kutetemeka. Fundi alikuwa ameshafungua kinywa aseme yote, zahanati zitajua zenyewe, mlango ulipofunguliwa bila hodi.

"Nani aliyeniweka foleni?"

Alikuwa Bibi Sindano. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unamning'inia begani, dalili kwamba ametoka dukani kwake bila kumuaga mteja.

"Shikamoo, mama," Fundi akasimama.

"Marahaba. Kaa." Akamgeukia Mkurugenzi, ambaye naye alikuwa amesimama. "Na wewe kaa."

Mkurugenzi alikaa haraka kuliko Fundi.

"Mchana nimekwenda nyumbani kula," Bibi Sindano akasema, "nikatuma salamu zangu kama siku zote. Mashine inaniandikia, 'Subiri, salamu zako zinakaguliwa.' Mimi. Mimi niliyemzaa mtangazaji wa redio hii."

Fundi akaikagua sakafu. Lakini Mkurugenzi, pamoja na mdomo wake, si mjinga.

"Kwani siku zote ulikuwa hukaguliwi?"

"Nikaguliwe na nani? Nilikuwa napita moja kwa moja."

"Fundi," Mkurugenzi akasema kwa upole wa kutisha. "Hebu nieleze. Taratibu."

Pa kukimbilia hapakuwepo. Fundi akaeleza, kuanzia paka wa jirani hadi amri za kutoka mbali. Bibi Sindano alisikiliza amebana midomo kana kwamba ameshikilia pini.

"Kwa hiyo," akasema hatimaye, "wezi wa dunia nzima wanatembelea jina langu."

"Haikuwa kwa nia mbaya, mama. Ulikuwa umeninunia kwa ajili ya zile salamu. Nilifanya kwa heshima."

"Salamu zipi?"

"Zile zilizosimamishwa."

"Hizo nilishazisahau siku hiyo hiyo. Nilinuna kwa sababu uliingia kwangu, ukakaa mbele ya pazia langu jipya, ukala, ukashiba, ukaondoka bila kulisifia."

Fundi alijaribu kukumbuka hilo pazia, hata rangi yake haikumjia. Seva za watu, shule za watu, foleni za wagonjwa, vyote viliachwa wazi kwa sababu ya pazia.

Mkurugenzi naye macho yalikuwa yameshawaka. Akaivuta kalamu.

"Hii habari ni moto. Jioni tunaanza nayo. Na nyie wawili, mmoja kafungua mlango, mwingine kajua akanyamaza, wote saa hiyo..."

"Bwana Mkurugenzi," Bibi Sindano akamkatiza.

"Naam, mama."

"Hiyo suti kashona nani?"

"Wewe."

"Kiuno chako duniani nakijua mimi. Nimekipanulia nguo mara ngapi? Umewahi kusikia nimekitaja kwa mtu?"

"Hujawahi."

"Basi siri ya kiuno na siri ya mlango zinakaa mfuko mmoja. Ikitoka moja, na nyingine inatoka. Na salamu zangu, unajua, zina wasikilizaji wengi."

Mkurugenzi akaiweka kalamu chini. Lakini mtu na cheo chake, hakukubali kushindwa vyote.

"Nitanyamaza mpaka Fundi aseme mwenyewe," akasema. "Ila wafiwa wanataka jina. Mleteni aliyepiga ule wimbo kabla ya taarifa ya jioni, na Asali atarudi kwenye kipaza sauti. Asipopatikana, kitambulisho kinabaki hapa."

Fundi alifungua kompyuta yake ndogo juu ya magoti. Kila kinachoingia kwenye seva huacha namba ya kule kilikotoka, kama nyayo zinavyobaki kwenye matope. Namba ya ule wimbo alikuwa ameshaiona mchana, ikawa haimwambii kitu. Sasa alikuwa na nyingine ya kulinganisha, ya zile salamu za mama mkwe zilizokuwa zimesimama kwenye foleni kwa hasira.

Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akafunga kompyuta.

"Fungua," Asali akasema. Alikuwa amekaa pale anapoiona shingo ya mumewe.

"Mama," Fundi akasema, "naomba usikasirike. Wimbo umetoka nyumbani kwako."

"Kwangu? Kwangu naishi peke yangu. Saa ya matangazo ya vifo niko dukani, mguu kwenye cherehani. Nyumba naifunga kwa ufunguo, nikirudi kula nafungua mwenyewe, nikitoka nafunga mwenyewe."

"Na kompyuta yako?"

"Iko mezani, naiacha wazi. Itatoroka iende wapi?"

"Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba?" Asali akauliza.

Bibi Sindano aligeukia pazia la ofisi. Alilitazama kwa makini sana, kama mtu anayepanga kulifumua na kulishona upya.

Mkono wa Mkurugenzi ulijiendea wenyewe kwenye mfuko wa koti. Ukatoka mtupu. Ukaenda mfuko wa pili. Ukashuka kwenye suruali, mbele, kisha nyuma. Mwishowe akasimama akajipapasa kifua.

Asali aliuona ule mkono. Akamtazama mama yake. Akaitazama suti ya kijivu ilivyomkaa bosi wake.

"Mama."

"Usiniite kwa sauti hiyo."

"Mkurugenzi ana ufunguo wa nyumba yetu?"

"Nilikuwa nao," Mkurugenzi akasema, sauti imekwisha.

Mimi nilijua tangu sehemu ya tatu. Suti mpya kila mwezi kwa mtu anayetoka ofisini kwenda nyumbani tu, mlidhani ni za nini? Nyie mlikuwa mmekazana kumtazama Fundi. Na Fundi mwenyewe alikuwa anapiga hesabu za ukoo: huyu anayemfukuza mke wangu, akimwoa mama mkwe wangu, nitamwamkiaje?

Hesabu haikufika mwisho. Simu ya Bibi Sindano ikaita. Alikitazama kioo chake, kisha akakigeuza wote waone. Kilikuwa kimeandika: NYUMBANI.

Simu ya mezani, ndani ya nyumba iliyofungwa.

"Usipokee," Fundi akasema.

Asali akaipokea. Hofu ilipomkaba, koo likakimbilia sauti pekee linayoiamini.

"Halo, habari za jioni, unaongea na Asali. Ungependa kumsalimia nani?"

Upande wa pili ikaja sauti ya msichana, imechoka.

"Sitaki kusalimia. Namba hii nimeikuta imeandikwa kando ya simu. Naomba tu kujua huu mlango unafunguliwaje kwa ndani. Ufunguo ninao, siku nyingine unakubali, leo nimevuta mpaka mkono unauma."

Mkurugenzi akashika ukingo wa meza.

"Huyo ni mwanangu."

Asali akaiweka simu mezani, ikasikika kwa wote.

"Ni wewe uliyepiga ule wimbo kwenye matangazo ya vifo?"

"Mimi nilituma salamu tu. Baba akipiga pasi anauimba ule wimbo. Tangu mama afariki nilikuwa sijamsikia akiimba. Nikataka nimjue anayemwimbisha." Sauti ikasita. "Nikawa nachukua ufunguo wake, nakuja mchana nikitoka kazini. Kila nikija hakuna mtu. Kuna kompyuta imeachwa wazi penye salamu, nikamtumia baba wimbo wake. Nilidhani utakaa foleni kama salamu za watu wengine. Redio ya baba sisikilizi, samahani."

Mkurugenzi alikuwa ameinamisha kichwa. Masikio yalikuwa yanamchoma kwa aibu, lakini macho yalikuwa na maji, na yale maji hayakuwa ya aibu.

"Leo nimerudi kula," Bibi Sindano akasema kwenye simu. "Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia, mama. Shikamoo. Nisamehe sana. Lakini hilo pazia limeshonwa vizuri, hasa upindo wake. Nimekaa nao muda mrefu."

Bibi Sindano akamgeukia Fundi, akamtazama. Fundi akaelewa kila kitu.

"Inua kitasa juu kidogo, mwanangu, ndipo uvute," Bibi Sindano akasema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa na ulaini ambao Fundi, miaka yote ya ndoa, hajawahi kupewa.

Asali alinyoosha mkono mezani, akakichukua kitambulisho chake, akakivaa. Safari hii kamba haikunasa popote.

"Mkurugenzi," akasema, "mwizi tumempata. Tumfukuze saa hiyohiyo?"

Mkurugenzi akajaribu kuwa mkali, uso ukakataa.

"Nenda kajiandae," akasema. "Taarifa ya jioni unasoma wewe. Na wafiwa nitawapigia mimi mwenyewe."

Asali akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Fundi naye akacheka, mara ya kwanza tangu mchana, akiwa bado ameikumbatia kompyuta. Kabla simu haijakatwa akainama karibu nayo.

"Binti, umenitisha kweli kweli na yale maneno ya kwenye kioo. Uliyaandikaje?"

"Maneno gani?"

"Kwamba mlango wangu uko wazi."

"Mimi nimetuma wimbo, kaka. Maneno siyajui."

Kicheko kikamfia Fundi mdomoni. Aliifungua kompyuta. Karibu ilikuwa imetulia, mlango wa mkwe umefungwa vizuri, hakuna anayegonga. Wote wakainama kutazama, hata Bibi Sindano na utepe wake. Kisha kwenye kioo maneno yakaanza kutokea, taratibu, kama yanaandikwa na mtu asiye na haraka.

Hodi. Mimi ni shemeji.

Asali akakikumbuka kile kikohozi.

"Baba watoto," akasema. "Nilikuuliza kama ni mkwe peke yake."

Fundi hakukohoa tena. Mkono wake ulikuwa unakimbilia vibonye, ukachelewa. Chini ya yale maneno, mashine aliyoifundisha adabu kwa mikono yake ilikuwa imeshajibu: Karibu ndani.

Na ile redio ndogo mezani, iliyokuwa ikinong'ona tangu asubuhi, ikanyamaza.